Jinsi ya kutengeneza mkanda laini wa kusaidia pumzi, pamoja na kiwiliwili cha kuujaribia

Mkanda huu unafungwa tumboni. Ukijaa hewa unalibana tumbo, matumbo yanasukuma kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwenda juu, na hewa iliyomo mapafuni inatoka. Hewa ya mkanda ikiachiwa, matumbo yanashuka kwa uzito wake, kiwambo kinashuka nayo, na hewa mpya inaingia mapafuni bila misuli kufanya kazi kubwa. Kwa hiyo mkanda kazi yake ni kutoa pumzi. Kuingiza kunafanywa na uzito wa matumbo. Fundi asiyelishika hili mapema atahangaika na pampu siku nzima, kumbe kasoro iko kwenye tundu la kutolea hewa. Karibu kila uamuzi katika maelekezo haya umetokana na swali moja: hewa itatokaje, na itatoka upesi kiasi gani?

Tunachojenga ni mfano wa kufundishia, kwa mwanafunzi wa ufundi au fundi aliyepo Tanga. Unafungwa kwenye kiwiliwili cha maji, yaani mfano wa kifua na tumbo wenye mfuko wa maji ndani. Usimfunge mtu, hata mzima, na zaidi usimfunge mtu anayehema kwa shida. Tumbo likibanwa vibaya chakula hurudi kooni na kinaweza kuingia njia ya hewa. Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa tayari ana hewa iliyonasa mapafuni kwa sababu njia zimebana, na kumkamua tumbo hakuzifungui njia hizo. Mikanda ya aina hii ilikusudiwa watu ambao misuli ya kupumulia imelegea: waliopata polio, walioumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli. Nao huvalishwa na wataalamu wanaowapima. Mtu aliyebanwa na pumzi sasa hivi apelekwe hospitali ya Bombo au nyingine iliyo karibu, bila kuchelewa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Miaka ya 1930 mwanafizikia William Henry Bragg wa Uingereza alimsaidia jirani yake aliyekuwa na udhaifu wa misuli kwa kumfunga mpira wa ndani wa futiboli kifuani na kuuunganisha na mwingine uliokuwa ukikamuliwa. Miaka ya 1950 Joseph McKibben wa Marekani alitengeneza msuli wa hewa, yaani mrija wa mpira ndani ya soksi iliyosukwa, kwa ajili ya mkono wa binti yake aliyepata polio. Mwaka 2022 kundi la Ellen Roche wa MIT lilichapisha kazi ya misuli kama hiyo iliyopandikizwa juu ya kiwambo cha nguruwe ili kukisukuma. Sisi tutabaki nje ya mwili, kwenye tumbo.

Vitu vya kutafuta

Tanga ni mji wa baiskeli, na hilo linaturahisishia: tyubu, solusheni, msasa na viraka vipo kwa kila fundi wa Ngamiani. Chukua tyubu moja ya pikipiki ya rimu 18, hata iliyotumika, ilimradi haijapasuka nyufa ukiikunja. Ongeza tyubu moja ya baiskeli ya kukatia mikanda ya kuzibia.

Kwa wauza vifaa vya mabomba nunua konekta za tenki za nusu inchi mbili, tii moja ya PVC ya inchi moja yenye vipunguzi vya kushuka hadi nusu inchi, bomba la PVC la inchi mbili lenye urefu wa sentimita 60 na kofia yake, mita mbili za mpira wa maji wenye tundu la milimita 15 hivi, na mita tatu za ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hupimia levo kwa maji.

Upande wa umeme: bloa ya volti 12 ya kujazia magodoro ya hewa, Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta itakayoendesha kifaa), mota ya servo MG996R (inayogeuka hadi pembe unayoiamuru), sensa ya presha MPX5010DP, mosfeti IRLZ44N (swichi ya kielektroniki), dayodi 1N5408, kishusha volti cha LM2596, kapasita ya mikrofaradi 1000, resista za omu 220 na kilo-omu 10, fyuzi ya ampea 10, kengele ndogo na betri ya volti 12 ya ampea-saa 7. Mengi ya haya huagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi.

Bloa ipime kabla ya kulipa ukiweza. Ziba mdomo wake kwa mpira wa levo uliopindwa umbo la U wenye maji, uiwashe, usome tofauti ya maji. Tunataka ifike angalau sentimita 40. Zipo zisizofika 30. Ukipata dhaifu, nunua mbili na uziunganishe moja ipulize ndani ya mdomo wa kunyonyea wa nyingine. Presha zake zinajumlishana.

Usidanganyike na pampu ndogo ya matairi ya gari. Ina presha kubwa mno lakini hewa yake ni kidogo. Mifuko yetu inachukua karibu lita moja, na tunataka ijae kwa sekunde moja na nusu. Hiyo ni lita 40 kwa dakika. Pampu nyingi za matairi hazifiki hapo, na ikitokea njia imeziba inaweza kupasua kila kitu. Bloa ina sifa nyingine inayotufaa kuliko zote: ikizimika, hewa inarudi nyuma kupitia mapanga yake. Umeme ukikatika mkanda unalegea wenyewe. Ndiyo maana hakuna vali ya njia moja popote katika kifaa hiki, na usikubali ushauri wa kuiweka.

Mifuko ya hewa

Kata vipande viwili vya tyubu, kila kimoja sentimita 34, mbali na kipembe cha kujazia upepo. Ukivilaza juu ya meza kila kimoja kitakuwa na upana wa sentimita 8 hivi. Vikiwekwa sambamba vinafunika sentimita 16, yaani nafasi ya kutosha kati ya mbavu za chini na nyonga.

Kwenye kila kipande, sentimita 10 kutoka ncha moja, toboa tundu la konekta ya tenki. Toboa dogo kuliko uzi wa konekta kwa milimita tatu, kwa sababu mpira utanyooka. Ingiza konekta kutoka ndani ukipitia ncha iliyo wazi, weka washa ya mpira ndani na nje, kaza nati kwa mkono na robo mzunguko kwa spana. Ukizidisha, mpira unakunjika chini ya washa na hapo ndipo hewa itakapovujia.

Wengi hujaribu kutumia kipembe cha tyubu kilichopo. Ondoa hilo wazo. Hata ukitoa sindano yake, tundu linabaki la milimita nne hivi. La milimita 15 lina eneo mara 14 ya hilo. Kupitia kipembe mfuko utajaa, lakini kutoka kwake kutachukua sekunde kadhaa, na msukumo unaofuata utaukuta haujamaliza kulegea.

Kuziba ncha: piga msasa ndani hadi mng'ao uishe, futa vumbi, paka solusheni pande zote mbili, subiri dakika tano hadi saba hadi ikiguswa haishiki kidole, kisha bana. Anayebana solusheni ingali mbichi hujifungia ugiligili usiokauka. Kunja ncha mara moja, sentimita tatu, uibane kati ya vipande viwili vya alumini au mbao ngumu vyenye skrubu tatu. Kabla ya kufunga ncha ya pili nyunyiza poda ndani, kijiko kimoja cha chai, vinginevyo kuta za mpira zitagandana kwa joto. Loweka mfuko kwenye beseni na upulize kwa mdomo. Kipovu kimoja kinachorudiarudia kinatosha kukurudisha kwenye msasa.

Mkanda wenyewe

Mfuko ukijaa unataka kufura pande zote. Sisi tunataka ufure kuelekea ndani tu. Kwa hiyo nyuma ya mifuko weka bamba la plastiki gumu la sentimita 34 kwa 18, lililokatwa kwenye ubavu wa dumu la lita 20. Lipitishe kwenye maji ya moto lipinde kufuata duara la kiwiliwili. Juu yake mshonee mtu wa viatu au wa maturubai ala ya turubai la pamba, yenye urefu wa sentimita 110, na ncha zenye velkro ya sentimita 5 kwa 20. Ongeza mikanda miwili ya begi yenye bizimu ya kukaza, maana velkro pekee huachia kidogokidogo kila pigo.

Katani tunayo tele mkoa huu na utashawishika kuitumia. Hainyooki, kweli, lakini ikilowa inabadilika urefu na ikikauka inabadilika tena, na jasho na unyevu wa pwani havitaiacha ikae kavu. Mkanda wa begi wa poliesta unafaa zaidi. Kitu chochote cha lastiki kisikaribie hapa: kila sentimita inayonyooka nje ni pumzi iliyopotea.

Njia ya hewa

Bloa inaingia upande mmoja wa tii. Upande wa pili unakwenda kwenye mpira wa milimita 15 unaogawanyika na kufikia mifuko miwili. Mdomo wa kati, wa inchi moja, uachwe wazi: huo ndio mlango wa kutolea. Tii ikae karibu na mkanda, si karibu na bloa. Sentimita 30 za mpira kati yake na mkanda zinatosha.

Mdomo wa kati ukate kwa msumeno bila kuupinda upande, kisha usugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hadi ukae sawa kabisa. Kifuniko chake ni duara la plastiki ngumu lililobandikwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Servo ndiyo inayokisukuma kifunge na kukivuta kifungue. Kwa presha ya sentimita 40 za maji kifuniko hicho kinasukumwa na nguvu ya takriban nyutoni 2 tu, na mota hii inamudu mara nyingi zaidi. Kinachoiua ni pembe iliyokosewa: ukiiamuru ifunge zaidi ya pale kifuniko kinapogota, inaunguruma, inavuta ampea mbili na zaidi, na inaungua. Itafute pembe ambayo kifuniko kinagusa, ongeza nyuzi mbili, basi.

Sasa mlinzi wa presha, asiyetegemea umeme wala programu. Funga kofia chini ya bomba la inchi mbili, lisimamishe, lijaze maji. Kutoka kwenye tii toa tawi la mrija wa milimita 15 na uuzamishe hadi ncha yake iwe sentimita 40 chini ya uso wa maji. Presha ikizidi 40, hewa inatoka kwa mapovu. Toboa tundu la kumwagikia kwenye ubavu wa bomba, sentimita 40 juu ya ncha ya mrija, ili mtu asiweze kujaza maji kupita kiasi. Maji yakipungua kwa jua, mlinzi anafungua mapema kuliko ilivyopangwa, nako ni kukosea upande wa usalama.

Umeme na programu

Waya wa bloa upite kwenye fyuzi, mosfeti iwe upande wa hasi, dayodi ikae sambamba na bloa, na resista ya kilo-omu 10 ivute geti (mguu wa mosfeti unaopokea amri) chini ili bloa isijiwashe Arduino inapoanza. Kishusha volti kitoe volti 6 kwa servo, na kapasita iwe karibu nayo. Hasi zote ziungane. Mosfeti unganisha kwenye pini 3 na servo kwenye pini 9. Pini hizi hazikuchaguliwa ovyo: maktaba ya Servo (programu iliyo tayari ya kuendeshea servo) kwenye Uno huua uwezo wa kupunguza kasi kwenye pini 9 na 10, na wengi hukesha wakijiuliza kwa nini bloa inajua kuwaka na kuzimika tu.

Sensa inapima hadi kilopaskali 10, yaani takriban sentimita 102 za maji. Usomaji wake kwenye Arduino ni 41 pasipo presha, halafu unapanda kwa 9 kila sentimita moja. Kwa hiyo sentimita 15 ni 176, sentimita 30 ni karibu 312, sentimita 35 ni 357. Volti ya USB ikishuka kidogo hesabu hizi hazivurugiki, kwa kuwa sensa na kipimo cha Arduino vinatumia volti ileile. Ukiona namba hazipandi mkanda ukijaa, umeunganisha tundu lisilo lake.

Mzunguko ni mara 14 kwa dakika, sekunde 4.3 kila mmoja. Funga kifuniko, bloa iende kasi kamili. Ikifika 312 ipunguze ili ishikilie hapo. Ikigusa 357 fungua mara moja. Baada ya sekunde 1.7 fungua kifuniko na ushushe bloa hadi asilimia 20 au 30, usiizime kabisa, kwani kuamka upya kutoka kusimama kunakula muda. Subiri sekunde 2.6, rudia. Weka masharti mawili ya kengele. Presha isipofika 176 katika msukumo mzima, mpira umechomoka. Presha isiposhuka chini ya 68 sekunde moja baada ya kufungua, mlango wa kutolea umeziba: zima bloa na usianze tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Kati ya kengele hizo mbili, ya pili ndiyo nzito.

Hakikisha namba za sensa kwa mpira wa levo wenye maji kwenye ubao na futi. Presha ni tofauti ya uso wa maji pande mbili: upande mmoja ukishuka 15 na mwingine ukipanda 15, umepima 30. Anayesoma upande mmoja tu anapata nusu.

Kiwiliwili

Chukua jagi gumu la maji la lita 18.9, kipenyo chake kama sentimita 27, na ulikate kitako kwa msumeno wa chuma. Hicho ni kifua. Shingo yake ndiyo koo. Chini yake funga mkono wa turubai la plastiki wenye urefu wa sentimita 36, ukimalizikia kwenye duara la plaiwudi la milimita 18. Kwenye maungio yote mawili zungushia kwanza ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha kaza kwa mkanda wa mizigo. Ndani weka mfuko mkubwa wa nailoni, miwili kwa pamoja, wenye lita 15 za maji, na uufunge bila kuacha hewa. Ngozi ya juu ya mfuko huo ndiyo kiwambo. Iache ilegee, ikivutika itapambana na mkanda.

Mkanda ufungwe katikati ya mkono wa turubai. Hapo maji yana kimo cha sentimita kadhaa juu yake, kwa hiyo presha ndogo haitasogeza kitu. Ni vizuri mwanafunzi akaliona hilo kwa macho yake: namba za sensa zinapanda, mkanda unajaa, na karatasi nyepesi iliyoning'inizwa kwenye shingo ya jagi imetulia. Kisha ghafla inaanza kupepea.

Kupima kiasi, peleka mpira kutoka shingoni hadi ndani ya chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji na kupinduliwa kwenye beseni, ikiwa na alama kila mililita 100. Piga msukumo mmoja, kisha chomoa mpira kabla ya kuachia, la sivyo kiwiliwili kitanyonya maji ya beseni. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama mililita 500 kwa pumzi moja. Ukipata 300 hadi 500 kwa presha ya 30, mkanda wako ni mzuri. Ukipata 100, tazama kwanza turubai mgongoni na chini ya mkanda: maji yanakimbilia huko na kufura. Zungushia pande hizo turubai la pili.

Jaribio ambalo halipaswi kurukwa ni la kulaza. Weka kiwiliwili kwenye fremu ya mbao inayoinama, na upime pembe kwa simu. Kikiwa wima kinapumua. Kiinamishe taratibu. Ukikaribia nyuzi 30 kutoka sakafuni, maji hayarudi tena chini kwa nguvu ya kutosha, na pumzi inakufa ingawa mkanda unabana vilevile. Mikanda halisi ya aina hii nayo hutumika mtu akiwa ameketi au ameinuliwa angalau nyuzi 30, kwa presha za kati ya 15 na 45, na usiku anapolala hutafutiwa njia nyingine. Haiwafai sana pia watu wanene mno, waliokonda mno, au waliopinda uti wa mgongo sana, maana msukumo haufiki kwenye kiwambo.

Yanayoharibika

Mkanda unaobana vizuri asubuhi na kulegea mchana kwa kawaida ni velkro, si uvujaji, kaza bizimu. Servo inayotetemeka bila amri imekosa umeme wa kutosha, aghalabu kwa sababu imechukuliwa kwenye volti 5 za Arduino. Usomaji unaopanda polepole huku mkanda ukiwa mtupu ni tone la maji kwenye mrija wa sensa: uelekeze mrija juu kutoka kwenye tii, usiache ukaning'inia kama bembea. Mosfeti ikichoma kidole haifunguki kikamilifu, hivyo hakiki kama umeuziwa IRF badala ya IRLZ.

Hewa ya chumvi ya Tanga inakula pini za waya za kuchomekea. Baada ya wiki chache za kusi utapata sensa inayokatikakatika. Chomelea kwa lehemu kila kiungo na upake rangi ya kucha juu yake. Tyubu usiziache juani wala karibu na mota zinazotoa cheche. Huko mpira unapasuka nyufa kwenye mikunjo. Kila mwezi toa mifuko, ikague pale inapokunjika karibu na vipande vya alumini, nyunyiza poda upya. Betri ya ampea-saa 7 itakupa chini ya saa mbili za kazi, na ikishuka chini ya volti 11.5 bloa haitafikisha 30 hata ungekuwa umejenga kila kitu sawasawa. Basi pima betri kabla ya kufungua kingine chochote.